Mawimbi ya Profesa Rosenblad

Gunnel Åkerblom aliipigilia tasnifu yake kwenye ubao wa chuo kwa nyundo ya kuazima, na msumari ukapinda. Waliokuwa wakipita ukumbini wakacheka. Desturi ya Uswidi inataka kitabu cha mtu anayetafuta shahada ya udaktari kitobolewe msumari mbele ya kadamnasi, kila mwenye kijembe apate nafasi ya kukinoa kabla ya siku ya utetezi, na msumari ukipinda basi waliokuja kunoa wanaanza papo hapo. "Hata ubao umekataa," alisema mmoja. Gunnel aliunyoosha msumari kwa kichwa cha nyundo, akagonga tena, na safari hii ukaingia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mrefu, mkimya, mwenye hasira ya polepole ambayo watu waliidhania kuwa upole.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha kumchokoza mkubwa. Tangu miaka michache baada ya vita vikuu vya pili, wanafunzi wa nchi nzima walifundishwa kwamba ndani ya msuli uliopumzika nyuzi zimelala katika mawimbi, zimejikunja kidogo kidogo zikisubiri kuvutwa, na mawimbi hayo yalibeba jina la mtu aliyeyaona: Profesa Halvar Rosenblad wa Stockholm. Mchoro wake ulikuwa kwenye kila kitabu cha kiada. Gunnel alikuwa ameandika, kwa heshima zote na kwa kurasa nyingi, kwamba mawimbi hayo hayapo.

Na hapa lazima nieleze jambo moja, nisije nikamwacha mtu njiani. Msuli mbichi hautazamiki kwa hadubini ya elektroni. Ni lazima kwanza utiwe dawa ya kukaza, ile inayozuia kuoza na kushikilia kila kitu pale pale kilipo, kisha ukaushwe, ugandishwe ndani ya gundi ngumu, ukatwe vipande vyembamba kushinda ganda la kitunguu. Kwa hiyo anachotazama mtaalamu ni maiti, na swali la kazi yote ni moja tu: huyu maiti amelala kama alivyolala akiwa hai, au waoshaji ndio waliomkunja? Gunnel alisema ni waoshaji. Dawa haifiki ndani ya msuli kwa mara moja. Inazigusa kwanza nyuzi za nje, zinashtuka, zinajikunyata kabla ya kufa, na kuuvuta msuli mzima uwe mfupi. Zile za ndani, ambazo dawa bado haijazifikia, hazina la kufanya ila kukunjamana, na dawa inapozifikia inazikuta zimekunjamana na kuzikaza hivyo hivyo, milele na milele.

Aligundua vipi? Kwa kosa, na kosa lenyewe ni la Waswidi watupu. Asubuhi moja alikuwa amefunga msuli wa paja la chura kwenye njiti ya kiberiti, huku na huku, apate kuupima. Alikusudia kuufungua kabla ya kuutia dawa, kwa sababu hivyo ndivyo Rosenblad alivyofundisha na hivyo ndivyo kila mtu alivyofanya. Kengele ya kahawa ya saa nne ikalia. Sasa, katika maabara ile ungeweza kuvunja hadubini ukasamehewa, lakini kuchelewa kahawa ya saa nne, watu wote wameshakaa na maandazi ya iliki yako mezani, hilo lilikuwa jambo la kusemwa mwaka mzima. Gunnel akamwaga dawa juu ya msuli na njiti yake, akakimbia. Siku ya kuutazama, nyuzi zilikuwa zimenyooka kama chaki imezipigia mstari.

Hayo yalikuwa miaka mitano nyuma. Alikuwa ameyarudia tangu hapo mpaka vyura wa wilaya nzima wakamjua kwa sura.

Kisha kitivo, kwa hekima yake au kwa kutaka tamasha, kikamteua mpinzani wa kwanza katika utetezi: Profesa Halvar Rosenblad.

"Wamekuchinjia baharini," alisema Torkel Wijkander, wakiwa kwenye kahawa. Huyu Torkel alikuwa mwenzake wa maabara, mfupi, mwenye mashavu mekundu, hajawahi kusema sentensi mbili bila kutia mzaha katikati. "Mpinzani wa kwanza anakuchuna ngozi. Wa pili anahesabu nukta na mkato. Halafu nakuja mimi, wa tatu, nawachekesha watu juu ya mifupa yako."

"Usinitie aibu, Torkel."

"Kazi ya mpinzani wa tatu ni nini basi? Kukuombea dua?"

"Nasema kweli. Alama ikiwa ndogo nimekwisha. Sipati udosenti, ile nafasi ya kufundisha chuoni, sipati meza hapa. Kule Kiruna, kaskazini kabisa, wameshanipa kazi ya kufundisha wasichana hesabu, wananisubiri niseme ndiyo."

Torkel aliliweka andazi lake chini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Kiruna? Kule jua linakokwenda likizo mwezi mzima?"

"Huko huko."

"Basi mshinde mzee," alisema Torkel. "Mimi baridi siiwezi, sitakuja kukutembelea."

Siku ya utetezi ilikuwa Jumamosi ya mwezi Mei, miti ya maua ya urujuani imechanua nje ya madirisha ya ukumbi mkubwa wa mihadhara. Gunnel alivaa gauni jeusi refu la marehemu shangazi yake, na wapinzani walivaa makoti yenye mikia. Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Watu wanapenda sana kumwona mwenzao akitolewa kijasho, hasa akiwa mwanamke, na hasa akiwa amejitakia.

Rosenblad alisimama. Alikuwa mzee mkavu, mwenye nywele nyeupe zilizochanwa nyuma na sauti ya chini ambayo watu walilazimika kunyamaza ili waisikie. Haki ya mtu apewe: hakupiga kelele, hakudhihaki. Alikipitia kitabu ukurasa kwa ukurasa, akasifu picha, akasifu vipimo, na kila sifa ilikuwa ikimsogeza Gunnel hatua moja kuelekea ukutani.

"Bi Åkerblom amezifunga nyuzi kwenye kijiti," alisema mwishowe. "Zikatoka zimenyooka. Nami nikipiga shati langu pasi, linanyooka. Je, Bi Åkerblom ataandika kwamba mashati hayana makunyanzi?"

Ukumbi ukacheka. Gunnel alijikaza kisabuni.

"Profesa ataona kwenye sura ya nne," alijibu, maana miaka ile kumwambia mkubwa "wewe" kulikuwa sawa na kumkanyaga mguu, "kwamba msuli una mistari inayoonekana hata kwa mwanga wa kawaida, ukiwa bado hai. Niliipima nafasi kati ya mstari na mstari kabla ya dawa na baada ya dawa. Kwenye msuli uliofungwa haikubadilika. Kama ningekuwa nimepiga pasi, ingeongezeka."

"Vizuri. Hilo laniambia kwamba Bi Åkerblom anajua kufunga. Haliniambii nani anavuta." Rosenblad alikifunga kitabu, kidole kikiwa kati ya kurasa. "Kitabu hiki chote kimesimama juu ya mguu mmoja: kwamba dawa inapoigusa nyama, nyama inajikunyata. Nimetafuta mahali Bi Åkerblom alipoiona ikijikunyata. Kwa macho. Naomba nionyeshwe ukurasa."

Gunnel alikifunua kitabu chake. Akakifunga tena.

Ukurasa haukuwapo. Msuli uliofungwa hauendi popote, kwa hiyo haukuonyesha kitu. Na usiofungwa alikuwa akiutumbukiza kwenye chupa, anafunika kifuniko, anauweka kwenye barafu, kama maandiko ya Rosenblad mwenyewe yalivyoagiza. Alichokiona ni msuli mrefu uliotiwa na msuli mfupi uliotolewa. Kilichotokea katikati alikihesabu kwa akili, akakiamini kama anavyoamini kuna kesho, wala haikumpitikia hata siku moja kuinua kile kifuniko.

"Sikuiona ikijikunyata," alisema. "Nilijua kwa matokeo yake."

"Ahsante," alisema Rosenblad, kwa upole kabisa, akaketi. Afadhali angemtukana. Kwenye safu ya mbele mkuu wa kitivo aliandika kitu, na Gunnel aliiona Kiruna mbele yake, theluji, giza na ubao wa hesabu.

Mpinzani wa pili alisema kuhusu nukta na mkato. Hakuna aliyemsikiliza, maskini.

Kisha mlango ukafunguka kwa kishindo, akaingia Torkel. Alikuwa amevaa koti la mikia lililombana tumboni, na kichwani kofia ya karatasi ya kijani yenye macho mawili makubwa ya chura. Mkononi alibeba sinia kama mhudumu wa hoteli. Ukumbi uliokuwa umeinamisha vichwa kwa huruma ulipasuka kwa kicheko.

"Mheshimiwa mkuu wa kitivo, maprofesa, mabibi na mabwana! Nazungumza kwa niaba ya Chama cha Vyura wa Wilaya, ambao wamejitolea mapaja yao kwa ajili ya elimu na hawajapata hata kadi ya Krismasi." Aliliweka sinia mezani. "Dada huyu anasema mawimbi hayapo. Mzee yule anasema yapo. Sisi vyura hatuna upande. Lakini tunakumbusha kwamba Septemba hii nchi nzima inahama, magari yanaacha kuendeshwa upande wa kushoto wa barabara yanahamia kulia, na hakuna aliyekufa bado. Kwa hiyo mawimbi nayo yakihama, Profesa asiogope!"

Hata Rosenblad alitabasamu. Torkel akaonyesha kilichokuwa juu ya sinia: bilauri ndefu ya maji ya chumvi, ndani yake msuli mmoja wa chura umebanwa chini kwa pini, na kutoka ncha ya juu uzi unapanda hadi kwenye bua jembamba la ngano lililolazwa kama mkono wa mizani. Kwenye ncha ya pili ya bua, bendera ndogo ya Uswidi, ya karatasi, kama zile za kuchomeka kwenye keki. Ilikuwa imeinamia mezani.

"Raia huyu," alisema Torkel, akitoa betri mfukoni, "ataipandishia bendera elimu ya Uswidi. Nikimgusa kidogo hapa..."

"Usimguse," alisema Gunnel.

Torkel aligeuka, macho yote manne yakimtazama. "Eh?"

"Weka hiyo betri chini, Torkel." Alikuwa ameshatoka nyuma ya meza yake. Aliitazama bendera iliyolala, uzi, msuli mbichi uliotulia majini bila kujua kesi yake, akageukia safu ya mbele. "Naomba ruhusa ya kushuka maabara mara moja. Nataka kuleta dawa."

Mkuu wa kitivo alimtazama mpinzani wa pili, ambaye ndiye aliyejua kanuni zote. "Mtetezi anaruhusiwa kutoka?"

Yule bwana alifikiri, akafurahi kwamba hatimaye ameulizwa kitu. "Sijui kanuni inayokataza."

Gunnel aliinua gauni kwa mikono miwili akashuka ngazi mbili mbili. Mbele ya jokofu ndipo woga ulipompata. Hajawahi kulijaribu hili. Labda msuli utavuta kidogo mno usiinue hata bua. Labda utavuta polepole mno, watu waende zao kula. Bendera isipopanda mbele ya ukumbi ule, hata kile alichokipima na kukithibitisha kitachekwa. Sasa hivi alikuwa ameshindwa kwa heshima. Dakika kumi zijazo angeweza kushindwa kwa aibu. Liwalo na liwe, alijiambia, akaichukua chupa.

"Hii," alisema aliporudi, akihema, "ni dawa ya Profesa Rosenblad, kwa kipimo chake, kama ilivyo kwenye makala yake ya kwanza. Naomba Profesa ainuse ahakikishe."

Rosenblad alisogea, akainusa, akakohoa. "Ndiyo yenyewe."

"Basi naomba Profesa aimimine mwenyewe. Isije ikasemwa nimepiga pasi."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Mzee akaishika chupa. Torkel alinyonya maji ya chumvi kwa mrija hadi msuli ukabaki wazi, na Rosenblad akamimina taratibu, mkono wake umetulia kabisa, mpaka dawa ikaufunika. Harufu kali ikawafikia waliokaa mbele, wakatoa leso.

Hakuna kilichotokea.

Bendera ililala. Mtu mmoja alikohoa, mwingine akacheka kwa chini, na nyuma kabisa kiti kikasogezwa na mtu aliyekwisha kuona vya kutosha. Gunnel hakuwatazama. Aliutazama uzi. Torkel alivua kofia yake ya chura akaishika kifuani kama mtu aliye mazikoni.

Uzi ukakaza.

Gunnel alikuwa wa kwanza kuuona. Ulikuwa umelegea kidogo, na sasa haukulegea tena. Bua likatikisika. Bendera ikaburura pembe yake mezani, ikasita, ikanyanyuka upana wa kidole. Safu ya mbele ikanyamaza, na kimya kile kikapanda ngazi kwa ngazi hadi nyuma. Ikapanda tena. Haikuruka kama ambavyo ingeruka kwa betri. Ilipanda pole pole, kwa kutetemeka, kama mzee anayeinuka kitini na hataki msaada, ikapita usawa wa bilauri, ikaendelea, njano na buluu, mpaka bua likasimama wima na bendera ikawa juu kabisa.

Na ikabaki pale. Torkel aligusa meza, akaisukuma, akaigonga kwa ngumi. Haikushuka. Nyama ilikuwa imekufa ikiwa imevuta, na dawa ilikuwa imeikaza hapo ilipofia.

Mtu mmoja pembeni alisimama. Sijui kama ni kwa ajili ya bendera au kwa ajili ya Gunnel, na nadhani naye hakujua. Wa pili akasimama. Kisha ukumbi mzima ulikuwa wima, na Torkel akatupa kofia yake hewani: "Dada Gunnel aishi!" Wakajibu kwa hura nne, kama watu wa kule wanavyojibu, za kutikisa vioo vya madirisha. Gunnel alisimama katikati ya kelele ile, harufu ya dawa imemjaa puani, akacheka kwa sauti.

Rosenblad peke yake alibaki ameinama juu ya bilauri. Watu walipoketi alikuwa bado yupo pale.

"Za nje zinavuta," alisema, karibu kwa nafsi yake. "Za ndani zinafuata tu. Zinafuata, hazina pa kwenda, zinakunjamana." Aliinuka, akaugeukia ukumbi. "Kwa zaidi ya miaka kumi na tano nimekuwa nikiitumbukiza nyama kwenye chupa na kufunika kifuniko. Mnataka kujua nilikuwa wapi wakati haya yakitendeka ndani?" Aliigusa bilauri kwa kidole. "Nilikuwa nimekwenda kunywa kahawa."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya Torkel, na kilikuwa cha upendo. Mzee aliinamisha kichwa kwa Gunnel, chini, kama mtu anavyomwinamia mwenzake. "Mpinzani wa kwanza hana swali tena."

Jioni, kwenye karamu ambayo desturi inamtaka daktari mpya awaandalie wapinzani wake, Torkel aliitua bilauri katikati ya meza, imezibwa kwa nta, kati ya samaki wa siki na viazi vya mwanzo vya msimu. Wanawake wawili walidai iondolewe, wakashindwa kwa kura. Bendera ilikuwa bado juu.

Rosenblad alikuwa amekaa kuume kwa Gunnel. Alikula kidogo, kisha akainua kibilauri chake cha pombe, akamgeukia. "Halvar," alisema.

Mkubwa tu ndiye aliyeruhusiwa kulifanya jambo lile, kuviweka vyeo kando na kutoa jina lake, na walikuwapo pale maprofesa waliofanya kazi naye nusu ya maisha yao ambao hawajawahi kupewa jina hilo.

Gunnel aliinua chake. "Gunnel."

Wakanywa.

"Alama nimekwisha kuiandika," alisema mzee. "Kitivo kitapiga kura wiki ijayo, lakini sijaona bado kitivo kinachonibishia. Torkel ananiambia kuna shule fulani huko Kiruna."

"Ipo."

"Waandikie watafute mwalimu mwingine." Alitoa kiberiti cha kiko chake mfukoni, akakiweka kando ya sahani ya Gunnel. "Na sasa nionyeshe. Jumatatu naanza upya, yote, tangu chura wa kwanza. Sitaki kufundishwa kazi yangu mbele ya wanafunzi wangu."

Gunnel alichomoa uzi kwenye pindo la gauni la shangazi, akachagua kipande chembamba cha samaki sahanini mwake, na mtu ambaye jina lake lilikuwa kwenye kila kitabu cha kiada akavaa miwani, akaanza kufunga kwenye njiti. Vidole vyake vilikuwa vikubwa kwa kazi ile. Alivuta, akakaza fundo, akavuta tena.

"Hapana, Halvar," alisema Gunnel, akamshika mkono. "Wewe unavuta. Mfunge tu, umwache urefu wake mwenyewe."